Shajara ya mradi: kuchenjua mawe ya dhahabu yenye shaba, Mpanda

Shajara hii inafuatilia kazi ya kutafuta njia ya kuchenjua (kutoa dhahabu kwa dawa ya sianidi) mawe ya dhahabu yenye shaba katika mtambo wa kikundi cha wachimbaji wadogo nje kidogo ya mji wa Mpanda, mkoani Katavi. Mtambo una vati nne za zege za kuloweshea mawe, kila moja ikibeba tani 40, pamoja na nguzo za kaboni, mkaa unaonasa dhahabu kutoka kwenye myeyusho, na maabara ya chumba kimoja. Eneo hili si geni kwa madini mchanganyiko: reli ya tawi kutoka Kaliua ilijengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya mgodi wa risasi wa hapa, na miamba iliyotoa risasi ilibeba pia shaba, fedha na dhahabu. Kwa miaka kadhaa kikundi kilikuwa kikichenjua marudio (mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa na kuoshwa) ya kawaida bila taabu kubwa, hadi maduara (mashimo ya uchimbaji) mapya ya upande wa mashariki yalipoanza kutoa mawe yenye madoa ya kijani.

6 Februari

Kaboni ya vati namba 3 ilirudi jana kutoka kwenye mtambo wa elusheni, unaoitoa dhahabu kwenye kaboni, na kilichopatikana baada ya kuyeyusha ni donge la gramu 212 lenye wekundu wa sufuria ya zamani. Mzee anayesimamia vati, ambaye ameshika dhahabu kwa zaidi ya miaka thelathini, aliligeuza kiganjani, akalirudisha mezani, kisha akasema, “Mwanangu, hapa tumechenjua sufuria.” Mashine ya kupimia ilionyesha dhahabu asilimia 41, sehemu kubwa ya kilichobaki ni shaba, na fedha kidogo.

Hesabu yake inauma. Mzigo wa vati ulikuwa na wastani wa gramu 4.1 za dhahabu kwa tani, yaani gramu 164 kwa tani 40, na donge zima lina gramu 87 tu za dhahabu halisi. Tumepata asilimia 53. Nilipofungua daftari la zamu nikaona kwamba sianidi iliwekwa kilo 60 mwanzoni, ikaonekana kupungua, zikaongezwa kilo 50, na bado siku ya nne myeyusho ulikuwa umechoka. Hakuna aliyezembea. Walifuata kipimo kilekile kilichowafaa kwa marudio ya zamani, ambayo hayakuwahi kula zaidi ya kilo moja ya sianidi kwa tani.

Viongozi wa kikundi wameniomba nitoe jibu kabla vati namba 3 haijajazwa tena. Nimeomba miezi mitatu, wakanipa kwa shingo upande.

12 Februari

Siku nzima imekwenda kwenye kuchukua sampuli, kazi ambayo vijana wanaiona ya kupoteza muda na ambayo mimi naiona ndiyo nusu ya mradi. Tuliyatenga mafungu mawili. La kwanza ni mawe ya juu, kutoka mita chache za mwanzo za maduara, yenye rangi ya kutu iliyochanganyika na kijani, na hapa na pale nukta za buluu kali kama mrututu unaopuliziwa kahawa. La pili ni mawe ya chini, kutoka chini ya usawa wa maji, meusi na mazito, yenye chembe za njano zinazong’aa ambazo mchimbaji mgeni huzidhania dhahabu mpaka azikwaruze kwa kisu na kukuta zinageuka unga. Dhahabu haigeuki unga, inalala bapa.

Kila fungu lilipita kwenye karasha, mashine ya kupondea mawe, likamwagwa juu ya turubai kama kichuguu, likasawazishwa, likakatwa robo nne, robo mbili za kukabiliana zikatupwa na mbili zikachanganywa upya, hivyo hivyo mpaka tani moja ikawa kilo nane. Kijana mmoja aliuliza kwa nini tusichukue tu koleo moja juu ya fungu. Nikamwonyesha kwamba vipande vya kijani, kwa kuwa ni laini, vilikuwa vimesagika na kujikusanya chini, na juu yamebaki mawe magumu meupe. Koleo la juu lingetuambia kwamba hatuna shaba.

19 Februari

Majibu ya maabara yamefika. Mawe ya juu yana dhahabu gramu 4.1 kwa tani na shaba asilimia 0.62. Mawe ya chini yana dhahabu gramu 5.3 na shaba asilimia 0.95. Mwenyekiti wa kikundi aliposikia takwimu hizo alihitimisha papo hapo kwamba mawe ya chini ndiyo mabaya zaidi na kwamba yaachwe. Nilimwomba asitangaze uamuzi huo bado, maana asilimia ya shaba peke yake haitoshi kutuambia kitu. Kinachotakiwa kujulikana ni shaba hiyo imo katika madini gani.

Sababu ni hii. Sianidi haichagui dhahabu peke yake. Inayeyusha pia madini mengi ya shaba, lakini si yote kwa kiwango kimoja. Vipimo vya maabara ambavyo wahandisi wamekuwa wakivitumia tangu miaka ya 1950 vinaonyesha kwamba, katika joto la kawaida la chumbani, azuriti na malakiti, yaani madini ya buluu na ya kijani, huyeyuka kwa zaidi ya asilimia 90. Kalkositi, ile nyeusi yenye kung’aa kijivu, nayo hufikia asilimia 90. Borniti asilimia 70. Lakini kalkopiriti, ile ya njano inayofanana na dhahabu ya mjinga, haifiki hata asilimia 6. Kwa hiyo mwamba wenye asilimia moja ya shaba katika kalkopiriti unaweza kuwa mpole kwa sianidi kuliko mwamba wenye thuluthi moja ya kiasi hicho katika malakiti.

Niliandika hesabu ubaoni ili kila mtu aione. Atomu moja ya dhahabu hushikwa na sianidi mbili. Gramu 4.1 za dhahabu kwa hiyo zinahitaji, kinadharia, gramu 2 tu za sianidi ya sodiamu. Atomu moja ya shaba hushika sianidi tatu hadi nne. Kama katika mawe ya juu shaba inayoyeyuka ni asilimia 0.42, hiyo ni kilo 4.2 kwa tani, na itameza kati ya kilo 9.7 na kilo 13 za sianidi kabla dhahabu haijatosheka. Kwa vati ya tani 40 ni kati ya kilo 390 na kilo 520, yaani madramu nane hadi zaidi ya kumi ya kilo 50. Sisi tuliweka kilo 110. Chumba kilinyamaza kidogo, kisha mweka hazina akauliza kama nimekosea nukta. Sikuwa nimekosea.

27 Februari

Leo nimekuta kosa ambalo nalikiri kuwa langu, kwa sababu mimi ndiye niliyeandika mwongozo wa maabara tunaoutumia.

Tumekuwa tukifanya majaribio ya chupa: kilo moja ya unga wa mawe na lita moja na nusu ya maji katika chupa inayozungushwa kwa saa 48, pH, kipimo cha utindikali, ikishikiliwa kati ya 10.5 na 11 kwa chokaa. Kila baada ya saa chache tunachota myeyusho na kupima sianidi iliyobaki kwa kudondoshea nitrati ya fedha kutoka kwenye bureti, mrija wa kioo wenye alama na koki, tukitumia iodidi ya potasiamu kama kionyeshi. Tone hufuata tone, myeyusho unabaki angavu, kisha ghafla utusitusi wa njano hafifu unatanda na kubaki: hapo ndipo unafunga koki na kusoma. Kwa chupa namba 5 masomo yalionyesha miligramu 450 za sianidi kwa lita, kiasi cha kutosha kabisa, na bado dhahabu haikusogea kuanzia saa ya kumi na mbili.

Nilirudia kipimo mara tatu nikipata jibu lilelile, kisha nikatumia elektrodi ya fedha badala ya jicho. Elektrodi ilionyesha miligramu 120. Tofauti yote hiyo ilikuwa sianidi iliyokwisha kushikana na shaba. Nitrati ya fedha ina nguvu ya kuinyang’anya shaba sehemu ya sianidi yake, na iodidi haionyeshi mwisho mpaka unyang’anyi huo umefanyika, kwa hiyo kionyeshi kinahesabu kama mali iliyo huru mali ambayo tayari imewekwa rehani. Daftari la vati namba 3 lilikuwa na masomo mazuri siku zote nne kwa sababu hiyohiyo. Waendeshaji walikuwa wakisoma sianidi ambayo haikuwa na kazi tena ya kufanya kwa dhahabu.

Kuanzia leo kipimo cha iodidi kimeondolewa kwa mawe haya. Elektrodi ni moja tu, na nimeifungia kabatini.

Kwa chupa zilizopewa kilo 12 za sianidi kwa tani, dhahabu ilitoka kwa asilimia 88. Njia ya kumwaga dawa zaidi kwa hiyo inafanya kazi. Tatizo lake ni kwamba inamla mwenye mawe, na kwamba myeyusho unaobaki unajaa shaba na sianidi ambavyo havina mahali pa kwenda.

9 Machi

Tumemaliza kuipekua shaba hatua kwa hatua, na matokeo yamenifurahisha kuliko kitu chochote tangu kazi hii ianze. Utaratibu wenyewe si mgumu. Unga wa mawe unaloweshwa kwanza katika tindikali nyepesi ya salfuriki, ambayo huchukua malakiti, azuriti na ndugu zao. Masalia yanaoshwa hadi tindikali iishe kabisa, kisha yanawekwa katika sianidi, ambayo huchukua kalkositi na nyingine za aina yake. Kinachobaki mwishoni, ambacho huyeyuka kwa tindikali kali tu, ni kalkopiriti kwa sehemu kubwa.

Katika mawe ya juu, shaba ya asilimia 0.62 imegawanyika hivi: 0.37 imetoka kwa tindikali, 0.08 imetoka kwa sianidi, na 0.17 imebaki. Katika mawe ya chini, kati ya asilimia 0.95 ni 0.06 iliyotoka kwa tindikali na 0.09 kwa sianidi, 0.80 nzima imebaki mahali pake. Mawe yenye shaba nyingi zaidi ndiyo yatakayokula sianidi kidogo zaidi, kwa makadirio yangu kilo nne na kitu kwa tani badala ya kumi. Yale ambayo mwenyekiti alitaka yaachwe yana uzima kuliko yale tuliyokuwa tukiyajaza kwenye vati.

Hili linabadilisha mradi. Hatutafuti tena dawa moja ya mawe yote. Mafungu mawili yatakwenda njia mbili, na kazi ya kwanza ni kuhakikisha hayachanganywi kule maduarani. Nimezungumza na viongozi wa maduara wakakubali kuweka alama kwenye viroba: kamba nyekundu kwa mawe ya juu, kamba nyeusi kwa ya chini. Mmoja aliuliza mawe ya katikati, yaliyo na kijani na weusi pamoja, yafungwe kamba gani. Swali zuri. Kwa sasa nyekundu.

21 Machi

Njia ya mawe ya juu: kuitoa shaba kwanza kwa tindikali, kisha kuichenjua dhahabu.

Tumefanya jaribio la tani moja katika tanki la plastiki, kwa kuwa tindikali ingezila vati zetu za zege pamoja na chokaa iliyomo ndani ya kuta zake. Kibali cha kununua na kutunza tindikali kilishughulikiwa mapema kwa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kama ilivyokuwa kwa sianidi. Kabla ya hapo pia nilihakikisha kwenye majibu ya maabara kwamba mawe haya hayana aseniki ya kuhesabika, maana aseniki ikikutana na tindikali na chuma inaweza kutoa gesi ya arsini, na gesi hiyo haina msamaha.

Kinadharia kilo moja ya shaba katika malakiti inahitaji kilo 1.54 za tindikali, kwa hiyo kilo 3.7 zilizomo zingehitaji kilo 5.7. Tumetumia kilo 14. Povu lililofoka dakika za kwanza lilieleza sababu: sehemu yake ni hewa ya kaboni kutoka kwenye malakiti yenyewe, lakini nyingi ilitoka kwenye mishipa ya kalsaiti, madini ya jiwe la chokaa, ambayo kwa macho hatukuipa uzito. Asilimia moja ya kalsaiti inatosha kumeza kilo 10 za tindikali kwa tani. Kama duara moja litaingia kwenye mwamba wenye kalsaiti asilimia nne au tano, njia hii itakufa siku hiyohiyo, na nimeandika hivyo kwenye ripoti kwa herufi kubwa.

Baada ya saa sita maji yaliyochujwa yalikuwa na buluu ambayo watu walikuja kuitazama kutoka kwenye karasha. Nilichukua msumari mpya wa inchi nne, nikaufuta mafuta kwa kitambaa, nikauchovya nusu na kuhesabu hadi sitini. Ulipotoka, nusu ya chini ilikuwa nyekundu kama imepakwa rangi. Hiyo ndiyo hatua inayofuata: maji ya buluu yanapitishwa kwenye pipa lililojaa chuma chakavu, chuma kinaingia majini na shaba inatoka, na chini ya pipa inajikusanya tope nzito ya rangi ya matofali. Kwa tani moja tumepata shaba kilo 3.1 na kutumia chuma kilo 5, ingawa kinadharia kilo 2.7 zingetosha, ziada imeliwa na tindikali iliyobaki, ambayo ilipokutana na chuma ilitoa haidrojeni. Kijana aliyesogea na sigara alifukuzwa kwa maneno ambayo sitayaandika hapa.

Sehemu ya hatari kubwa ni ile isiyo na rangi wala povu, nayo ni kuosha. Mawe yenye tindikali yakiingia kwenye sianidi, sianidi inageuka gesi ya haidrojeni sianidi, ambayo huchemka kwenye nyuzi 26 tu, yaani chini ya joto la mchana wa Mpanda. Kuna watu ambao pua zao haziwezi kabisa kuinusa harufu yake ya lozi chungu, kwa hiyo pua si kipimo. Tumeosha mara tatu kwa maji matupu, tukapima pH ya maji yanayotoka chini na si ya juu, na hapo tu ndipo chokaa ikawekwa. Utaratibu wa kuweka chokaa mwishoni una faida nyingine: chokaa ikikutana na salfati nyingi inatengeneza jasi, na jasi inaziba mchanga hata myeyusho ushindwe kupenya.

2 Aprili

Mvua. Barabara imekatika, chokaa haijafika, bwawa la mabaki limepanda hadi alama ya njano. Hakuna kazi ya maabara wiki hii isipokuwa kulinda bwawa.

17 Aprili

Njia ya mawe ya chini imeshughulikiwa nje, katika maabara yenye mashine ndogo ya kuelesha kwa povu, kwa kuwa hapa hatuna. Unga uliosagwa laini unachanganywa na maji na chokaa hadi pH ifikie karibu 11, ili piriti, madini ya chuma na salfa, isielee, kisha unawekwa zanteti kidogo, gramu kadhaa tu kwa tani, ambayo hushika uso wa kalkopiriti na kuufanya uchukie maji. Hewa ikipulizwa chini, chembe za kalkopiriti hupanda na mapovu na kuenguliwa juu kama mafuta ya mchuzi. Asilimia 87 ya shaba na asilimia 71 ya dhahabu zimepanda; dhahabu nyingine imebaki na piriti na mchanga, na hiyo inaweza kwenda kwenye vati zetu, maana shaba iliyokuwa ikileta shida imekwisha ondoka.

Tatizo ni kilichoenguliwa. Hicho ndicho makinikia, neno ambalo Mtanzania yeyote aliyekuwa akifuatilia habari mwaka 2017 halihitaji kuelezwa. Migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, ambayo mawe yake yana dhahabu na shaba pamoja, ilikuwa ikiuza makinikia kwa viwanda vya kuyeyushia nje ya nchi, mpaka Machi mwaka huo serikali ilipozuia usafirishaji wake na makontena 277 yakabaki bandarini Dar es Salaam huku kamati zikichunguza kilichomo. Mabishano ya wakati ule yalikuwa juu ya thamani na kodi, lakini chini yake kulikuwa na jambo la kiufundi ambalo halikupata nafasi kubwa magazetini: dhahabu iliyofungamana na kalkopiriti haina njia rahisi ya vati, na ndiyo sababu migodi hiyo ilijenga mitambo ya kuelesha tangu mwanzo. Kwa kikundi chenye vati nne, tani moja moja za makinikia hazitoshi kumvutia mnunuzi yeyote mwenye tanuru. Nimependekeza mawe ya kamba nyeusi yalimbikizwe chini ya paa, yasinyeshewe, kwa sababu kalkopiriti ikikaa na mvua na hewa miaka miwili mitatu uso wake unaanza kugeuka kuwa shaba ileile inayoyeyuka, na tutakuwa tumejitengenezea mawe ya kamba nyekundu kwa mikono yetu.

Mwenyekiti aliuliza juu ya mtambo wa kurudisha sianidi kutoka kwenye shaba, ambao ameusoma kwenye simu. Upo, na unafanya kazi. Ulibuniwa Kanada miaka ya 1990, na migodi kama Telfer ya Australia na Gedabek ya Azerbaijan imeutumia: myeyusho unashushwa kwa tindikali hadi pH ya 4 au 5, unawekwa salfaidi, shaba inatoka kama unga mweusi unaouzika, na sianidi inarudishwa kazini kwa kupandisha pH. Lakini katikati ya hatua hizo mbili, sianidi yote iliyomo tankini iko katika hali ya haidrojeni sianidi. Mtambo wa namna hiyo unataka matanki yaliyofungwa, mafeni, vipima gesi na watu wa zamu wasiosinzia. Nimemjibu kwamba si kwa paa letu la mabati.

6 Mei

Vati namba 3 imejazwa tani 38 za mawe ya kamba nyekundu yaliyokwisha kuoshwa. Kuosha kwa tindikali kulifanyika kwa mafungu ya tani mbili mbili katika matanki ya plastiki, kazi ya siku kumi na tisa, na ndiyo inayowachosha watu zaidi. Maji yaliyotoka kwenye mapipa ya chuma chakavu hayarudishwi kwenye mawe. Yana chuma kingi, na chuma nacho hushika sianidi sita kwa kila atomu, kwa hiyo yanamalizwa kwa chokaa katika bwawa lake peke yake.

Sianidi imeanza na kilo 80. Elektrodi inasomwa kila saa nne, na shaba katika myeyusho inapimwa kila asubuhi, kwa sababu sasa tunalinda uwiano wa sianidi na shaba na si kiasi cha sianidi peke yake. Kila gramu ya shaba katika lita inataka zaidi ya gramu 3 za sianidi ya sodiamu ili ibaki katika hali yenye sianidi tatu au nne, ambayo kaboni haiipendi. Uwiano ukishuka, shaba inabaki na sianidi mbili, na katika hali hiyo inang’ang’ania kaboni na kuchukua viti vya dhahabu. Ndivyo donge la Februari lilivyopata wekundu wake.

15 Mei

Siku tisa. Sianidi iliyotumika ni kilo 3.2 kwa tani. Mabaki yana dhahabu gramu 0.7 kwa tani, kwa hiyo asilimia 83 imetoka. Hii ni chini ya asilimia 88 ya chupa, na sikutegemea ifikie, kwa kuwa vati haizunguki na kuna kona ambazo myeyusho haupiti vizuri. Tulipokuwa tunapakua tulikuta vipande vya udongo vyenye ukubwa wa ngumi, vikavu ndani.

Kabla ya kupeleka kaboni kwenye elusheni tumeiosha kwa sianidi baridi ya asilimia 2 kwa saa sita. Shaba huachia kaboni kwenye baridi, dhahabu husubiri joto. Maji ya kuoshea yalitoka na shaba nyingi na dhahabu ndogo mno, nasi tumeyatunza yaanzishe vati inayofuata.

23 Mei

Donge limefika: gramu 148, na dhahabu asilimia 86. Mzee alilitazama kwa muda mrefu kuliko lile la kwanza, akalisugua ukingoni kwa kidole gumba, kisha akauliza kama tope nyekundu ya kwenye mapipa ina mnunuzi. Kilo 117 zimekaushwa na kufungwa kwenye viroba; sampuli yake imepelekwa kupimwa leo asubuhi.

Nimeagiza elektrodi ya pili, na vati namba 3 inajazwa tena Jumatatu. Udongo wa duara la tano utapondwa na kukaushwa kwanza. Mawe ya katikati bado yanafungwa kamba nyekundu, ingawa viroba kumi na viwili vya mwisho vilivyoletwa vina weusi mwingi, na nimeviweka kando vipekuliwe upya.